Mkulima Aliyepanda Maji kwa Ajili ya Wanawe: Kisa cha Zephaniah Phiri wa Zvishavane

Zephaniah Phiri Maseko alizaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 88. Takriban miaka 50 ya uhai huo aliitumia katika shamba moja la familia, lenye ukubwa wa hekta 3 hivi, kwenye mteremko wa kilima katika wilaya ya Zvishavane, mkoa wa Midlands nchini Zimbabwe. Wilaya hiyo ilijulikana zaidi kwa machimbo ya asbesto kuliko kwa kilimo, na mvua yake ni ya wastani wa milimita 560 hivi kwa mwaka, kiasi ambacho hakitofautiani sana na kile ambacho mkulima wa Dodoma amekizoea. Mvua yenyewe hunyesha kwa ghadhabu ndani ya siku chache, kisha hutoweka kwa miezi mingi.

Wengi waliomkumbuka alipofariki walimkumbuka kama bingwa wa kuvuna maji ya mvua, na ni haki yake. Hata hivyo, naona kwamba sifa hiyo peke yake inamfanya aonekane kama fundi aliyebuni mbinu na kuziuza kwa watu, jambo ambalo halikuwa. Phiri alikuwa baba wa nyumba aliyefungiwa mlango wa mshahara, na karibu kila jiwe alilolisogeza katika shamba lile linaelezeka vizuri zaidi tukiuliza swali la mzazi, yaani watoto watakula nini mwaka huu, na watakula nini mimi nikiwa sipo. Katika uchambuzi huu nitaifuata njia ya maji kutoka kileleni hadi bondeni, kwa sababu ndiyo njia aliyoifuata mwenyewe, na nitaeleza kila hatua inavyohusiana na nyumba yake.

Mwaka 1964 Phiri alikuwa mfanyakazi wa reli. Ni mwaka ambao Ian Smith alishika uwaziri mkuu wa Rhodesia, kama Zimbabwe ilivyoitwa wakati wa ukoloni, na vyama vya wazalendo vikapigwa marufuku. Phiri alifukuzwa kazi kwa sababu ya msimamo wake wa kisiasa, na akaelezwa bayana kwamba hatapata kazi nyingine. Nyumbani kulikuwa na familia ya watu 8 waliomtegemea. Vijana wengi wa sehemu zile, walipokosa ajira, walivuka mpaka kwenda migodini Afrika Kusini na kutuma fedha nyumbani walipoweza. Yeye alirudi shambani, na shamba lenyewe lilikuwa limechoka: lilikuwa limelishwa mifugo kupita kiasi, na udongo ulikuwa ukimomonyoka kila msimu wa mvua.

Alikuwa na vitu viwili tu vya kuanzia, shamba hilo na Biblia. Aliisoma kama mkulima. Katika kitabu cha Mwanzo aliona kwamba Adamu na Hawa walipewa bustani iliyowatosheleza kwa kila walichohitaji, akaamua kwamba naye atatengeneza bustani ya namna hiyo. Lakini aliona pia jambo ambalo msomaji asiye mkulima angelipita haraka, kwamba bustani ile ilikuwa na mito, na miongoni mwake mwandishi anaitaja Hidekeli na Frati. Shamba la Phiri halikuwa hata na kijito cha msimu. Kwa hiyo akahitimisha kwamba kabla ya bustani itabidi atengeneze mito. Wapo watakaoisoma habari hii kama kichekesho cha mzee wa kijijini, nami nakataa kabisa usomaji huo. Ni hesabu sahihi ya mtu aliyetambua kwamba tatizo lake la kwanza halikuwa mbegu wala mbolea.

Hakuanza kwa kuchimba. Mvua zilipokuja alitazama maji yanakotoka, yanakokimbilia, yanapotulia na yanapobeba udongo. Juu ya shamba lake kuna mwamba mkubwa wa granaiti ulio wazi, aina ambayo Washona huiita ruware, na mvua ikipiga juu yake hakuna tone linalozama. Maji yote huteremka kwa kasi na kushukia shambani. Hicho ndicho kilichokuwa kikilichana shamba. Majirani waliuona mwamba kuwa laana ya eneo lile. Phiri aliuona kama paa kubwa ambalo hakulilipia, kwa maana shamba lililo chini ya mwamba kama huo hupata mvua yake lenyewe pamoja na mvua iliyonyeshea mwamba. Aina ya shamba alilokuwa nalo, ambayo ofisa yeyote angeiandika kuwa duni, ilibeba akiba ambayo mashamba ya tambarare hayakuwa nayo.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupunguza kasi. Chini kidogo ya mwamba alipanga kuta fupi za mawe yasiyounganishwa kwa saruji, zikifuata usawa wa kilima. Ukuta wa namna hiyo hauzuii maji. Huyachelewesha na kuyatawanya, na yakichelewa hutua udongo na takataka za majani yalizobeba, hapo majani yakaota, na mizizi yake ikayachelewesha zaidi maji ya msimu unaofuata. Utaratibu wake alikuwa akiwaeleza wageni: anza juu, kwenye makorongo machanga yasiyo na nguvu, ndipo ushuke kwenye makorongo makubwa ya chini. Mtu anayeanza kwa kuziba korongo kubwa la bondeni hupambana na maji ya kilima kizima kwa mara moja, na kwa kawaida hushindwa. Zaidi ya hapo, mtu asiye na fedha za vibarua hana budi kuchagua kazi ambayo mikono ya watu wa nyumba moja inaiweza. Jiwe moja baada ya jingine, juu ya kilima, familia iliiweza.

Baada ya kuta maji yaliongozwa kwenye mabwawa mawili yaliyochimbwa chini ya mwamba. Kubwa kati yake aliliita kituo cha uhamiaji, kwa kuwa hapo maji hupokelewa yanapoingia shambani, kisha huelekezwa mahali pa kuishi, na mahali hapo ni ndani ya udongo. Huu ndio moyo wa kisa chote na unastahili kutazamwa kwa utulivu. Bwawa lile halikuwekwa ili maji yakae humo; katika nchi ya jua kali, maji yanayokaa wazi yanaliwa na jua. Liliwekwa ili maji yazame taratibu na kutembea chini ya ardhi kuelekea kwenye mizizi na visima. Kwa uzoefu wake wa miaka mingi Phiri alipata kipimo ambacho hakikuhitaji chombo chochote: bwawa likijaa mara 3 katika msimu mmoja, maji yaliyozama yanatosha kulihudumia shamba kwa miaka 2. Mkuu wa familia aliye na kipimo kama hicho anajua mapema, kabla ghala halijaanza kupungua, kama mwaka ujao ni wa kutanua au wa kubana.

Chini ya mabwawa ndipo kisa kinapokutana na serikali. Katika maeneo waliyotengewa Waafrika, utawala wa kikoloni uliwalazimisha wakulima kuchimba makingamaji ya kontua, yaani mifereji na matuta yanayokatiza mteremko, ambayo kwa Kishona yaliitwa makandiwa. Kazi hiyo ilichukiwa mno, na chuki hiyo ikawa kuni za siasa za ukombozi, kama ilivyotokea kwetu Tanzania, katika milima ya Uluguru, mwaka 1955 pale watu walipoyakataa matuta ya lazima. Mara nyingi tunasimulia habari hizi kama za ubabe tu, na ubabe ulikuwepo, lakini kulikuwa pia na kosa la kitaalamu. Mifereji ya makandiwa ilipimwa kwa mwinamo mdogo ili maji ya mvua yatoke shambani salama bila kuchimba makorongo. Katika sehemu zenye mvua nyingi jambo hilo lina mantiki. Katika sehemu ya milimita 560, ni kumfundisha mkulima namna ya kuyatoa shambani maji ambayo mahindi yake yatayalilia wiki mbili baadaye.

Phiri hakuifukia mifereji ile. Alichimba ndani yake mashimo makubwa kwa vipindi, shimo la juu likijaa likamwagia la chini yake, hivi kwamba mfereji uliokusudiwa kuyatoa maji ukawa mfereji wa kuyazamisha. Kandokando ya mashimo alipanda miti ya matunda na nyasi za kuezekea. Kwa upande wa gharama, hakuna kilichonunuliwa zaidi ya jembe na sururu. Mimi nalihesabu hili kuwa tendo lake la busara kuliko yote, kwa sababu alipokea kitu alicholazimishwa, akakielewa kuliko waliokileta, akakigeuza kimfae mwanawe. Katika miaka ya baadaye wataalamu wa kilimo nchini Zimbabwe walikuja kupendekeza makingamaji yasiyo na mwinamo pamoja na mashimo ya kuzamisha maji, na mashimo hayo watu wengi wanayaita kwa jina la Phiri.

Uani kwake alifuata kanuni hiyo hiyo. Maji ya paa yaliingia kwenye tangi, na juu ya tangi alipandisha mpasheni ambao majani yake yalilifunika na kulipa kivuli, maji yakabaki ya baridi na mmea ukazaa matunda mlangoni. Maji ya kuoshea vyombo nayo hayakumwagwa ovyo. Yaliingia kwenye shimo lililojengewa mawe yasiyo na saruji na kufunikwa juu, yakapenya kwenye udongo na kuifikia mizizi ya miti ya karibu bila kuacha dimbwi la mbu wala harufu. Anayejua nani huosha vyombo, nani huchota maji na kwa umbali gani katika vijiji vyetu, ataelewa kwamba mpangilio huu wa uani uliwaondolea mzigo watu wa nyumbani, hasa akina mama na watoto. Taarifa za kitaalamu kuhusu shamba hili hukimbilia mabwawa na kuta, zikiupita ua kwa sentensi moja. Kwangu mimi ua ndio unaoonyesha kwamba mwenye shamba aliyatazama maji kwa macho ya anayeishi na wanaoyachota.

Aliyoyapanda yanaonyesha mpango wa aina hiyo hiyo. Kulikuwa na mahindi, maboga, maharage, nyanya, spinachi, pilipili na vitunguu saumu; kulikuwa na miembe, mipera na mipapai; na kulikuwa na miti ya asili yenye matunda ambayo aliipanda au kuiacha iote. Mbegu alizihifadhi mwenyewe, za aina zilizozoea mahali pale, kwa sababu mbegu ya kununua kila mwaka inahitaji fedha kila mwaka. Hapa hakuna zao moja ambalo likianguka nyumba inaanguka nalo. Kati ya mchicha unaochumwa baada ya wiki chache na mwembe unaosubiriwa miaka kadhaa, kuna kitu cha kula kwa kila umri wa familia.

Bondeni, maji yote yaliyozamishwa juu hujitokeza tena. Phiri alichimba visima kwa mkono na kuvijengea kwa mawe makavu ili maji yapenye kutoka pande zote. Alishikilia kanuni ambayo hakuilegeza, kwamba kinachoingia ardhini lazima kizidi kinachotolewa. Chini kabisa palikuwa na bonde oevu lenye migomba, miwa, matete na mabwawa ya samaki, mahali ambapo mgeni aliyefika kipindi cha kiangazi angedhani ameingia nchi nyingine. Palimletea matatizo pia. Sheria za kikoloni zilikataza kulima katika mabonde oevu na kandokando ya vijito, kwa hofu kwamba kilimo kingeyakausha, naye akashtakiwa kwa kuzikiuka. Utafiti uliofanywa baadaye nchini humo, kuanzia miaka ya 1980, ulionyesha kwamba bustani ndogo zenye usimamizi mzuri si lazima ziharibu bonde. Shamba la Phiri lilikuwa na hoja nzito zaidi: bonde lake lilikuwa na maji kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akilijaza.

Miaka ya vita vya ukombozi ilimpitia vibaya. Alikamatwa, akateswa, akaumizwa mwili. Sitaingia kwa kina katika sehemu hii, ila itoshe kusema kwamba nchi ilipopata uhuru tarehe 18 Aprili 1980 alikuwa na umri wa miaka 53, ana jeraha la mtu aliyepigania utu wake, na bado alikuwa na shamba lililokuwa likiilisha familia yake.

Phiri alikuwa akiwaeleza watu kwamba ameyaoza maji kwa udongo, ili visitoroke na kwenda mbali, bali vitulie katika shamba lake na kulea familia. Sidhani kwamba usemi huu ulikuwa wa kuwapendeza wageni. Unaeleza kwa usahihi kinachotokea, maana mmomonyoko ni maji na udongo kuondoka pamoja, na kuvizuia ni kuvifanya vikae pamoja mahali vinapozaa. Unaeleza pia kwa nini mtu alikubali kufanya kazi ambayo faida yake huchelewa hivyo. Ukuta wa mawe haulipi mwaka wa kwanza. Udongo unaokusanyika nyuma yake huhitaji misimu. Mkulima anayekodi shamba kwa mwaka mmoja hawezi kuijenga kazi ya namna hii hata akiijua yote kwa kichwa, na mkulima asiye na wa kumrithi ana sababu ndogo ya kuianza.

Hili linatuleta kwenye suala la umiliki, ambalo linasahauliwa kila mbinu za Phiri zinapofundishwa. Ardhi za jumuiya nchini Zimbabwe hazina hatimiliki binafsi. Kisheria ziko mikononi mwa serikali, na familia huzitumia kwa kutambuliwa na wazee na mamlaka za mahali. Kwa hiyo kilichompa Phiri ujasiri wa kuwekeza nusu karne ya nguvu zake hakikuwa karatasi, bali uhakika wa kifamilia kwamba wanawe wataendelea kuwa pale. Miradi inayopeleka mashimo ya kuzamisha maji kwa wakulima bila kuuliza ardhi ni ya nani, na mke au mtoto atabaki na haki gani mume akifariki, inachukua nusu ya somo na kuiacha nusu muhimu zaidi.

Elimu yake haikubaki kwake. Katika miaka ya 1980 alianzisha mradi wa maji wa Zvishavane, akawa anawafikia wakulima wenzake badala ya kusubiri wamfuate, na wageni kutoka nje ya nchi nao wakaanza kufika. Ukame mkubwa wa msimu wa 1991/92, uliowaangamiza ng'ombe kwa wingi kusini mwa Afrika, uliwafanya watu wengi kumsikiliza kwa makini zaidi mkulima ambaye visima vyake vilisifika kwa kutokauka. Mwaka 2006 alipewa tuzo ya uongozi katika uhifadhi barani Afrika iliyotolewa na National Geographic, jumuiya ya jiografia ya Marekani, kwa ushirikiano na mfuko wa hisani wa Howard G. Buffett. Nchini mwake, tuzo ya wakulima wabunifu imepewa jina lake. Alikuwa na karibu miaka 80 alipotunukiwa ile ya kwanza, na kazi iliyotunukiwa ilikuwa imeanza miaka zaidi ya 40 nyuma, kwa kufukuzwa kazi.

Kwa mkulima wa Afrika Mashariki anayetaka kujifunza kutoka kwenye kisa hiki, ningemwomba atenganishe kilicho cha mahali na kilicho cha kanuni. Mwamba juu ya shamba, mteremko wa wastani, udongo wenye kichanga unaonyonya maji kwa urahisi, na bonde la kuyapokea chini, vyote vilikuwa vya mahali. Mwenye shamba la udongo mzito wa mfinyanzi akichimba mashimo kama yale atapata madimbwi yanayosimama, na mazao yake yataoza mizizi. Kwa upande mwingine, vilima vya mawe vya Dodoma vinamwaga maji kila masika juu ya mashamba yaliyo chini yake kama ruware ya Zvishavane ilivyokuwa ikimwaga kabla ya 1964. Huko Kitui nchini Kenya, jamii nyingi zimejenga kuta kwenye miamba kukusanya maji ya kunywa katika mabwawa na matangi, na zimefaulu. Alichokiongeza Phiri ni wazo la kwamba maji yanayozidi mahitaji ya tangi yaende kwanza kwenye udongo wa juu, yashuke polepole chini kwa chini, na yachotwe mwisho kabisa, baada ya kuwa yameshanywesha kila kitu njiani.

Linabaki suala la matunzo. Kuta za mawe yasiyo na saruji hulegea baada ya mvua kubwa, mashimo hujaa mchanga, na mabwawa yanahitaji kuzibuliwa kabla ya msimu, wala hakuna kati ya kazi hizo inayoweza kuahirishwa miaka kadhaa bila maji kurudia njia zao za zamani. Shamba la namna hii halirithiwi kama nyumba, ambayo mtu hupewa ufunguo. Hurithiwa na aliyekuwa akitumwa, tangu utotoni, kwenda kuangalia wakati wa mvua bwawa la juu limejaa mara ngapi, na mawe yapi yamesogea.